Kaza, Halafu? Uhakiki wa Fani ya Maelekezo ya Kufunga Konekta ya Dishi

Maelekezo haya hayana mwandishi wala tarehe. Husemwa juu ya ngazi, fundi wa dishi akimwelekeza saidia wake, na ukiyapunguza yakabaki mifupa mitupu, ni sentensi tano:

Kata waya.
Chuna gamba.
Rudisha nyuzi nyuma.
Vika konekta.
Kaza.

Wahakiki tumezoea kutafuta fani kwenye shairi, hadithi na tamthilia, tukayaacha maelekezo ya kazi kana kwamba hayana umbo. Umbo yanalo. Yana mpangilio, yana mizani, yana mwanzo na mwisho uliochaguliwa, na yana mambo yanayoyanyamazia. Tofauti ni kwamba kasoro ya fani hapa haiishii kumchosha msomaji. Inakata picha timu ya Namungo ikiwa uwanjani Ruangwa na kibanda umiza cha Ruponda kimejaa hadi mlangoni. Hoja yangu ni moja: maelekezo haya yamepangwa kwa kufuata mkono wa fundi, ilhali kiungo kinachofungwa hudumu au kuharibika kwa kufuata njia ya maji. Mpangilio unaofaa kwa mkono haufai kwa maji, na kasoro zote nitakazozitaja zinatoka hapo.

Kwanza tujue maelekezo yanazungumzia nini. Waya wa dishi, ule ambao maboksi yake huandikwa RG6, una tabaka tano. Katikati kuna kiini chenye unene wa takriban milimita 1, cha shaba tupu au cha chuma kilichopakwa shaba. Kiini kimezungukwa na plastiki nyeupe yenye vipovu vidogo, kisha karatasi ya aluminiamu, kisha wavu wa nyuzi, na nje kabisa gamba jeusi au jeupe. Konekta inayofungwa mwishoni mwa waya huo ilibuniwa na Eric E. Winston, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Jerrold Electronics ya Marekani. Sifa yake kubwa ni urahisi wa bei, na urahisi huo una siri: konekta haina pini yake yenyewe. Kiini cha waya, kikichunwa na kutokezwa mbele, ndicho pini. Maana yake ni kwamba kiwandani konekta haijakamilika. Nusu ya kifaa inatengenezwa juu ya ngazi, kwa kisu na plaisi, na kinachoongoza nusu hiyo ni maneno. Kwa hiyo maelekezo hapa ni sehemu ya kifaa. Yakiwa na pengo, kifaa nacho kina pengo.

Sasa tuyasome sentensi kwa sentensi. Mbili za kwanza zina mizani minne kila moja, zinatamkika kwa pumzi moja, na mkono unaweza kuzifuata bila jicho kuondoka kwenye kazi. Ya tatu inarefuka ghafla hadi mizani saba. Urefu huo si wa bahati mbaya. Kurudisha nyuzi nyuma, juu ya gamba, ndiyo hatua yenye hatari ya papo hapo: uzi mmoja ukibaki mbele na kugusa kiini, umeme unaotoka kwenye king'amuzi kwenda LNB, kile kipokezi kilicho mbele ya dishi, unapiga shoti, na hakuna picha hata moja. Matini imeweka uzito wake mahali pa hatari, na kwa hilo inastahili sifa. Wanaosema maneno ya mafundi hayana ufundi wa lugha wangeisikiliza sentensi hii ya tatu kwanza.

Udhaifu unaanza kwenye ya nne. "Vika konekta" ni kitendo kisicho na kikomo. Ivikwe hadi wapi? Jibu lipo, na linaonekana kwa macho: ukichungulia ndani ya mdomo wa konekta iliyofungwa vizuri, ile plastiki nyeupe imefika sawasawa na sakafu ya konekta, haijazama wala haijavimba kupita, na kiini kimesimama katikati kikitokeza nje ya mdomo kwa milimita 2 hadi 3. Kiini kikiwa kifupi, hakishiki vizuri ndani ya tundu la LNB. Kikiwa kirefu kupita kiasi, kinaliumiza tundu lenyewe. Sentensi inataja kitendo bila kutaja alama ya kutambua kwamba kitendo kimekamilika. Fundi mzoefu anayo alama hiyo kichwani. Saidia anayejifunza hana, na sentensi haimpi.

Ya tano ndiyo yenye utata mkubwa kuliko zote. "Kaza" ni mizani miwili, haina yambwa. Kikazwe nini? Juu ya ngazi kuna kukaza kuwili: konekta kwenye waya, na konekta kwenye LNB. Kwa konekta za kuzungusha, zile zinazoingia kwenye waya kwa kuskrubiwa na mkono, kukaza kwa kwanza kunahitaji nguvu za vidole. Kwa konekta za kubana, kunahitaji koleo lake maalumu, na plaisi ya kawaida huziponda tu. Kukaza kwa pili kunahitaji spana namba 11, robo mzunguko hivi baada ya mkono kufika mwisho wake. Neno moja limebeba kazi tatu zenye zana tatu tofauti. Kisha, kwa kuwa ni fupi kuliko yote na linakuja mwisho, linafanya kazi ya kituo: msikilizaji akilisikia anajua habari imekwisha. Ngazi inakunjwa. Fundi anashuka.

Matini inafungwa pale pale ambapo maisha ya kiungo yanaanza.

Ruponda ni kata ya Nachingwea, mkoani Lindi, na kama sehemu kubwa ya kusini, mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Pesa nayo ina msimu wake. Minada ya korosho inayosimamiwa na RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huanza karibu na Oktoba, na wakulima wanalipwa wakati mawingu yanajikusanya. Mwenye kusubiri malipo ya korosho ili anunue dishi atalifunga jua likiwa kali, mikono mikavu, waya mkavu. Wiki chache baadaye mvua inafika. Maelekezo ya sentensi tano ni matini ya kiangazi: kila kitenzi chake ni cha mkono mkavu na cha kumaliza kazi, na hakuna hata neno moja linalojua kwamba Januari inakuja.

Januari ikija, maji hayapigi hodi kwenye chaneli. Yanaingia kwa njia mbili ambazo maelekezo hayazitaji: kwenye skrubu, pale konekta inapokutana na LNB, na kwenye mkia, pale konekta inapokutana na gamba la waya. Yakishaupata wavu wa nyuzi, hayahitaji msukumo, kwa sababu nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi huyavuta ndani zenyewe, na kama waya unateremka moja kwa moja hadi sebuleni, maji yanateremka nao hadi kwenye king'amuzi. Isitoshe, waya huu haubebi picha peke yake. King'amuzi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenda LNB kupitia kiini hicho hicho, 13 kwa chaneli za mawimbi ya wima na 18 kwa za mlalo. Unyevu ukiunganisha kiini na wavu, umeme huo unaanza kuila shaba, na ukifungua konekta baada ya miezi utakuta unga wa kijani. Na kama kiini ni chuma kilichopakwa shaba, na kisu kilikikwaruza siku ya kwanza, kutu inaanzia kwenye ule mkwaruzo. Matini haina katazo hata moja. Sentensi zote tano zinaamrisha, hakuna inayosema "usi-".

Kukosekana kwa katazo na kukosekana kwa maji kunaleta tatizo la tatu, la usomaji wa dalili. Mwenye televisheni, picha ikikatika, hana lugha ya kutofautisha visababishi, kwa kuwa maelekezo aliyoyasikia siku ya kufungiwa yaliishia kwenye "kaza". Anasema tu kwamba dishi limekufa, au kwamba kampuni inamwibia. Ilhali dalili zinasomeka. Mawimbi ya dishi dogo, yale ya bendi ya Ku, hufifishwa na mvua kubwa ikiwa angani. Mvua ikipita na picha ikarudi, kosa lilikuwa la wingu, na hakuna fundi wa kuitwa. Mvua ikipita na picha isirudi mpaka jua liwake saa kadhaa, maji yapo kwenye kiungo. Na zikipotea chaneli baadhi huku nyingine zikiwa safi, huenda volti 18 hazifiki juu zikiwa kamili, na LNB inazisoma kama 13. Maelekezo mazuri yangempa mwenye nyumba angalau tofauti ya kwanza kati ya hizi.

Zipo pia karatasi zinazokuja ndani ya boksi, na mtu anaweza kusema kwamba pengo la mdomo linazibwa na maandishi. Aina ya karatasi hizo inajulikana: visanduku vya michoro vyenye namba, waya umekatwa kiubavu, mshale unaonyesha konekta inapoingia, na kisanduku cha mwisho kinaonyesha LNB ikiwa na mdomo wake chini na waya ukining'inia wima. Umbo hili lina nguvu ambayo maneno ya ngazini hayana: linaonyesha kipimo. Lakini mchoro nao una mahali unapotazamia, na mahali hapo si Ruponda. LNB yenye mdomo ulioelekea chini moja kwa moja ni LNB ya nchi ambako setilaiti iko chini angani na dishi limesimama karibu wima. Nyumba ya London inayotazama setilaiti za Ulaya huinua dishi lake kiasi cha digrii 25 hadi 30 tu. Ruponda iko karibu digrii 10 kusini mwa ikweta. Setilaiti ya Azam TV, iliyo digrii 7 Mashariki, inaonekana kutoka huku ikiwa upande wa magharibi, digrii 51 hivi juu ya upeo wa macho. Ile ya DStv, digrii 36 Mashariki, iko karibu utosini, zaidi ya digrii 75. Kadiri dishi linavyolazwa kutazama juu, LNB nayo inageuka, na mdomo wake unaacha kutazama chini.

Kuna zaidi. Kwa aliye karibu na ikweta, setilaiti iliyo mbali magharibi inadai LNB izungushwe sana kwenye kishikio chake ili mawimbi ya wima na ya mlalo yakae sawa. Kwa Ruponda na digrii 7 Mashariki, mzunguko huo unakaribia digrii 70. Mdomo ulioanza ukitazama chini unaishia kutazama pembeni, na maji yanayotiririka juu ya LNB yanakutana na skrubu uso kwa uso. Kisanduku cha mwisho cha mchoro, ambacho ndicho kinachobeba somo la hali ya hewa bila kusema, kinasema uongo kimya kimya kwa msomaji wa kusini mwa Tanzania. Nachingwea inayo kumbukumbu ya maandishi ya namna hiyo: mpango wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951 ulipangwa mezani kwa ajili ya mvua na udongo ambao waliopanga hawakuujua, na kusini, kama ilivyokuwa Kongwa, eneo jingine la mpango huo, karatasi ilishindwa na ardhi.

Nimeacha kasoro kubwa kuliko zote kwa makusudi, kwa sababu ni ya muundo mtupu. Kinga ya kiungo ikitajwa, hutajwa mwisho, kama nyongeza: ukimaliza, funika. Inaonekana ni mantiki, kwani huwezi kufunika kitu ambacho hakijafungwa. Lakini kofia ya mpira, ile inayoteleza juu ya konekta na kuukumbatia mdomo wa LNB, lazima ipitishwe kwenye waya kabla konekta haijavikwa. Konekta ikishakaa, kofia haipiti tena. Fundi anayelisikia neno "kofia" kwenye sentensi ya mwisho amechelewa: ama akate waya na kuanza upya, ama aiweke kofia mfukoni. Mara nyingi inabaki mfukoni. Kinga inayofanya kazi mwishoni lazima iandaliwe kwenye sentensi ya kwanza. Mtunzi wa hadithi analijua hilo: kitakachoamua mwisho hupandwa mwanzoni, la sivyo mwisho unaonekana umebandikwa. Kwenye konekta mwisho uliobandikwa haukai kabisa, na ndiyo maana tunaona mifuko ya nailoni imefungwa kamba juu ya LNB. Nailoni ni sura ya nyongeza iliyokuja baada ya hadithi kwisha. Inazuia matone, inafungia mvuke, na jua linaichana kabla ya msimu kuisha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini hata ingekuwa halali isingekuwa kinga.

Uhakiki usiojaribu kuandika upya ni rahisi mno. Haya ndiyo ninayoyapendekeza, yasemwe vile vile juu ya ngazi:

Pitisha kofia kwanza, ndipo ukate waya.
Chuna gamba polepole, kiini usikikwaruze.
Rudisha nyuzi nyuma, hata mmoja usibaki mbele.
Sukuma konekta, nyeupe ifike sakafuni.
Bana konekta kwenye waya, kisha kaza kwenye LNB kwa spana.
Funga tepu kuanzia chini, upande nayo juu.
Acha waya uning'inie kitanzi kabla haujaingia ndani.

Sentensi zimekuwa saba, na kila moja ina vipande viwili. Anayeijua tungo ya Kiswahili atautambua mpangilio huu: ukwapi, kipande cha kwanza, unataja tendo, na utao, kipande cha pili, unataja kipimo chake, katazo lake, au tendo linalofuata. Upungufu wa "vika konekta" umezibwa na utao wake, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kuangalia. Utata wa "kaza" umevunjwa kwa vitenzi viwili na vitu viwili. Kofia imetangulia. Kitanzi cha mwisho, ule mteremko wa waya ulioachwa ulegee chini ya tundu la ukutani, kinayafanya maji yadondoke kwenye kona ya chini badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Sentensi ya sita ndiyo inayostahili kusomwa kwa karibu. Mtu angetarajia "anzia kwenye waya, malizia kwenye LNB", na kwa mchoro wa London hiyo ingekuwa sahihi. Lakini tumeona kwamba Ruponda mdomo unaweza kutazama pembeni, na dishi likilala sana unaweza hata kuinuka. Kwa kusema "chini" badala ya "waya", sentensi inajipima kwa maji na kusahau jina la kifaa. Popote mdomo ulipogeuka, mzunguko wa juu unalala juu ya mzunguko wa chini, na tone linapita nje ya maungio. Mwezekaji wa nyasi anaanzia upenuni kwa sababu hiyo hiyo. Hapa ndipo mpangilio wa mkono na mpangilio wa maji vinapotengana waziwazi: mkono ulio juu ya ngazi huona urahisi kuanzia LNB na kushuka, maji yanadai kinyume chake. Sentensi imechagua upande.

Tepu gani? Sentensi haisemi, na naitetea kwa kutokusema, kwa sababu duka la Nachingwea haliuzi kila kitu kila siku. Iliyo bora ni tepu ya mpira isiyo na gundi, inayovutwa hadi irefuke vizuri, ikazungushwa kwa kupandana nusu kwa nusu, na baada ya muda tabaka zake zikashikana kuwa kitu kimoja. Juu yake huwekwa tepu nyeusi ya umeme ili jua lisiile. Tepu nyeusi peke yake haitoshi, kwa kuwa joto hulainisha gundi yake, mwisho unafunguka, na unabaki utepe unaopepea. Kipande cha tyubu ya baiskeli, kikivutwa na kufungwa imara mwishoni, hubana vizuri kuliko hiyo tepu nyeusi, ingawa tabaka zake hazishikani zenyewe. Umbo la kufunga lina uzito kuliko aina ya kitu kinachofungwa, na sentensi imelilinda umbo.

Kuna pingamizi mbili za kweli. Ya kwanza ni kumbukumbu. Sentensi tano fupi zinakaa kichwani. Saba zenye vipande viwili zinadai kujifunzwa. Nalikubali hilo, na ndiyo sababu vipande vya kwanza vimeachwa karibu na vya zamani. Fundi aliyezoea "kata, chuna, rudisha" hajapotea. Hata hivyo maelekezo mafupi mno hufupisha kazi ya msemaji na kurefusha ya msikilizaji, na aliye juu ya ngazi kwa mara ya kwanza hana wa kumwuliza fundi akishashuka. Ya pili ni kwamba fundi mzuri anayafanya haya yote bila kuambiwa. Ni kweli, na ndiyo hasa hatari ya matini iliyoandikwa kwa ajili ya anayejua tayari. Mkufunzi wa VETA anayafundisha darasani kwa utulivu. Sehemu kubwa ya ufundi wa dishi vijijini hurithishwa kwa sikio, kutoka kwa fundi kwenda kwa saidia, na kinachosikika ndicho kinachorithiwa.

Lakini faida kubwa ya umbo jipya haimhusu fundi. Matini hii ina msikilizaji wa pili ambaye maelekezo ya zamani hayakumtambua: mwenye nyumba, anayesimama chini ya ngazi na pesa ya korosho mkononi. Sentensi tano hazimpi kitu cha kukagua, kwani kukata, kuchuna na kukaza kunaonekana sawa kutoka chini, kuwe kuzuri au kubaya. Sentensi saba zinampa mambo matatu yanayoonekana kwa jicho bila kupanda: kofia iliyopita kwenye waya kabla ya konekta, tepu iliyoanzia chini ikapanda, na kitanzi kinachoning'inia nje ya ukuta. Maelekezo yaliyopangwa kwa mkono wa fundi yanamwachia fundi peke yake kuamua kazi imekwisha lini. Yaliyopangwa kwa njia ya maji yanamruhusu mama mwenye nyumba, ambaye hajawahi kushika plaisi, kuangalia juu na kusema: fundi, bado hujamaliza.